Bwawa, Mafuta na Skonzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimemshinda Balozi kabla hata chai haijapoa.

Mafuta bado yanaelea bwawani tangu bomba la kampuni lilipopasuka nyuma ya kiwanda cha mbao. Leo yalikuwa zambarau upande wa kiwanda na kijani upande wa benchi langu. Ukisahau harufu, yanapendeza. Harufu haisahauliki. Bata wamehama. Samaki hawakuwa na pa kuhamia.

Asubuhi nilimkuta Mthamini. Ni binti wa makamo ya binti yangu, kavaa viatu vya mpira na kofia pana, ametumwa na serikali kupima uharibifu. Aliniamkia, nikaitikia kwa uzito unaostahili mtu aliyekuwa mkutubi. Akauliza, kabla ya mafuta, kwa kawaida ni watu wangapi waliokuwa wakija hapa bwawani.

Swali zuri. Bahati mbaya nikamwona Balozi anakuja na ndoano yake. Huyu si balozi. Alilinda geti la ubalozi fulani na alipostaafu akaondoka na cheo cha waliokuwa ndani. Tumegombea benchi lile moja tangu tuanze kuota mvi, na sasa anataka awe msemaji wa bwawa. Ningesema watu ni wengi, Mthamini angeanza kuwauliza mmoja mmoja, na akianza na Balozi hamalizi leo.

Nikajibu upesi kwamba nilikuwa nakuja mimi peke yangu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa, bwawa hili na mimi tunajuana. Akaandika. Balozi alipofika akihema, swali lilikwishapita.

Msemaji wa bwawa ni mimi. Nimekula mayai mawili.

Jumanne, 4 Machi

Kuna jambo dogo.

Mthamini amerudi leo na kunieleza taratibu. Bwawa linalotembelewa na watu, kampuni italazimika kulisafisha mpaka chini. Bwawa lililotelekezwa litafukiwa kwa kifusi na kusawazishwa. Kampuni imekwisha kuomba pawe maegesho ya malori. Akanitazama kwa huruma, akasema mtu mmoja, kwa bahati mbaya, ni sawa na kutelekezwa.

Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Tulifika mji huu na magodoro kichwani, mimi na marehemu mke wangu, baada ya kwetu kuchimbwa kisima cha kwanza cha gesi. Hakuna aliyetuuliza swali lolote siku zile. Walituletea lori tu. Wiki ya kwanza hapa mke wangu hakusema neno. Kisha tukatembea mpaka hapa, akakaa, akasema maji haya yanafanana kidogo na ya kwetu. Kidogo tu. Kwenye ile kona, jua likiinama. Tangu siku hiyo akaanza tena kuongea, na hakunyamaza mpaka mwisho wake. Sikubali malori yaegeshwe juu ya kona ile.

Dawa rahisi ingekuwa kumwambia Mthamini nilikosea, kwamba walikuwa wakija wafuaji, wavuvi, wanafunzi wakati wa mitihani, wachumba, na Balozi. Lakini umri wangu hauruhusu kumeza maneno, hasa kama kuyameza kungemfanya Balozi kuwa shahidi.

Kuna dawa bora. Mthamini ataweka meza njiani Jumamosi na Jumapili, ahesabu wanaokuja na kuwauliza walikotoka. Alisema kitu kisichouzwa sokoni hupimwa kwa taabu ambayo watu wako tayari kuipata ili kukifikia. Nimempenda kwa sentensi hiyo. Basi nitamletea watu, na watu wenye taabu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma siku nzima. Ninayo ensaiklopidia ya juzuu kumi na mbili, ila moja ilibaki kwenye lori tulipohamishwa. Kila ninachokihitaji maishani kimo kwenye juzuu hiyo. Leo pia. Nimefika “thamani” nikaelekezwa “tazama juzuu ya saba.” Ya saba ndiyo iliyokwenda na lori.

Si kitu. Mtu mwenye akili hujaza mapengo mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kampeni kwa Kinyozi, kwa kuwa kwake ndiko habari hukatwa na kusambazwa. Nilitoa hotuba fupi juu ya urithi wa maji. Wateja walisikiliza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni. Nilipomaliza, mmoja akauliza kutakuwa na nini cha kula. Kinyozi akasema hilo ndilo swali. Akaongeza kwamba watu hawaendi kunusa mafuta kwa ajili ya urithi, wana mafuta ya kunusa majumbani kwao.

Nikatembea kurudi nyumbani nikiwaza. Nyumbani ni chumba cha nyuma ya duka la mikate la binti yangu. Kila asubuhi naamka ndani ya harufu ya skonzi, vile vimikate vitamu vya duara anavyopaka yai juu. Nikasimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akanitukana. Sikujali. Fikra kubwa huja hivyo.

Nimemwambia binti kuna oda kubwa ya Jumamosi kutoka ofisi ya uthamini wa mazingira. Akauliza malipo. Nikasema ofisi hizo hulipa baadaye. Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikisema najua njia. Lakini akatoa unga.

Ijumaa, 7 Machi

Pigo. Balozi naye ana mpango.

Ametangaza mashindano ya uvuvi bwawani, kesho hiyo hiyo. Nikamkumbusha kwamba samaki wamekufa wote. Akasema ndiyo maana mashindano yatakuwa ya haki, hakuna atakayekuwa na bahati kuliko mwenzake. Akaniita Profesa, kama kawaida yake, akasema mimi nitaleta wasomi wangu wawili na yeye ataleta umma.

Hajui habari za skonzi. Nalala nikitabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya maisha yangu!

Nilibeba trei ya kwanza mwenyewe. Ukipita kwenye meza ya Mthamini na kujibu maswali, unapata skonzi ukingoni. Mpaka jua linapaa watu wamepanga foleni kutoka bwawani mpaka kiwanda cha mbao. Walikuja mafundi, wauguzi waliotoka zamu, wanafunzi wa ushonaji na cherehani yao moja. Fundi viatu alikuja mara tatu, kila mara na kofia nyingine. Mthamini alimpokea mara moja tu, lakini alimsifia kofia zote.

Mashindano ya Balozi pia yalivuta watu, lazima niandike ukweli. Mshindi alivua kiatu. Wa pili alivua cha pili, ikatokea mabishano kama ni jozi.

Mchana nilikaa mezani mimi mwenyewe, maana mgeni ni mgeni. Mthamini akaniuliza nimetoka wapi. Wote walikuwa wakitaja mitaa. Mimi nikataja kwetu.

Akatafuta kwenye ramani yake. Akatafuta tena. Akasema hapaoni. Nikamwambia hawezi kupaona, pale sasa pana namba ya kisima. Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza taratibu kama ni kweli nimetoka huko kuja kwenye bwawa hili. Nikasema ndiyo. Nilianza safari nikiwa kijana, na sijafika mahali pengine popote panapofanana nako.

Aliweka kalamu chini kwa muda. Kisha akaandika, na akaomba skonzi. Nikampa mbili.

Jumapili, 9 Machi

Binti amegundua.

Alikwenda alfajiri kuulizia malipo ya oda kwa Mthamini mwenyewe, aliyekuwa akipanga meza. Sitaandika yote aliyosema aliporudi. Alisema yeye hana baba, ana panya mkubwa ghalani. Alisema unga wa wiki umekwenda kwenye matumbo ya watu wasiojua hata bwawa liko upande gani. Nikamjibu kwamba sasa wanajua. Hilo halikusaidia.

Hakuna skonzi leo. Bila skonzi hakuna watu, na bila watu hesabu ya jana itaonekana kioja. Nimejifunika blanketi kichwani. Balozi alipita dirishani akanigongea. Nikajifanya nimelala. Akasema kwa sauti kubwa kwamba maiti hawakoromi hivyo, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefufuka!

Nilijikokota mpaka bwawani kwa haya. Njiani nikakutana na Afisa wa kampuni, ambaye mtaani tunamwita Tabasamu kwa kuwa hana uso mwingine. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema jumla ya wageni ni mia mbili na kumi na mbili, na kwamba jana walikuja wengi kuliko juzi. Akanishukuru kwa kazi kubwa. Akasema kampuni haitanisahau.

Bila skonzi! Nilimtafuta Balozi nimkoge, lakini yeye akawa wa kwanza kunieleza. Watu walikuja jana wakaulizia skonzi, wakaambiwa zimekwisha, wakanuna, kisha wakakaa. Mama mmoja akawaonyesha wengine jiwe alilokuwa akifulia nguo za wanawe wote. Mwingine akasema hapana, jiwe hilo lilikuwa lake. Wakagombana, wakacheka, wakatumana kuwaita mashahidi majumbani. Muuguzi mmoja akalia kidogo kwa sababu alichumbiwa pale, ingawa mume huyo yeye mwenyewe alimfukuza zamani.

Nikamwambia Balozi kwamba yote hayo niliyatarajia. Akanitazama, akatema mate upande.

Kampuni inanishukuru. Serikali inanihesabu. Nimepiga pasi tai ya harusi yangu kwa ajili ya kikao cha keshokutwa, ambako hesabu itasomwa.

Jumatano, 12 Machi

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Kikao kilikuwa ukumbi wa shule. Viti vidogo, magoti masikioni. Mimi mbele na tai yangu. Binti kulia kwangu, hajanisamehe ila amekuja. Balozi kushoto, kwa kuwa aliwahi kiti hicho makusudi.

Tabasamu akasimama na kusema kampuni imefurahishwa sana. Akanukuu jibu langu la tarehe tatu: kabla ya mafuta, mgeni wa bwawa alikuwa mzee mmoja. Akanielekezea mkono, watu wakageuka. Baada ya mafuta, wageni mia mbili na kumi na mbili kwa siku mbili. Kwa hiyo, akasema, mafuta hayakuharibu bwawa. Yamelipa umaarufu. Kampuni haidaiwi chochote, na kama kungekuwa na haki duniani, mtaa ndio ungepeleka shukrani. Na kwa kuwa hakuna uharibifu, hakuna cha kusafisha. Maegesho yanaweza kuanza wakati wowote.

Nikailegeza tai yangu.

Mtu mmoja peke yangu. Nilikuwa nimelifukia bwawa kwa mdomo wangu, ili tu Balozi asihojiwe. Nikaona malori kwenye ile kona, jua limeinama juu ya matairi. Sikufikiri tena. Nikaamua kusimama na kuvunja kila kitu: niseme niliwadanganya, watu wale waliletwa na skonzi, hesabu yote ni unga na yai, waifute, waanze upya. Nikasimama nusu. Nikafungua mdomo.

Balozi akaushindilia skonzi.

Nzima. Alikuwa nayo mfukoni tangu Jumamosi, ngumu kama tofali. Akanivuta koti nikakaa, akaninong'oneza sikioni:

“Tafuna, Profesa. Huoni yule binti hajamaliza?”

Kweli, Mthamini alikuwa amesimama. Hakutuangalia. Alimuuliza Tabasamu kwa upole kama kampuni inaikubali hesabu ya wageni mia mbili na kumi na mbili.

“Inaikubali, dada yangu.”

“Hata wa Jumapili?”

“Hata wa Jumapili. Mmoja mmoja. Tuko tayari kusaini.”

Akasaini mbele ya ukumbi mzima, na tabasamu lake. Mthamini akapokea karatasi, akaitazama saini, akapuliza wino ukauke. Kisha akasema:

“Basi hili si bwawa lililotelekezwa. Lina watu, na wenye bomba wamekiri. Maji yenye watu hayafukiwi, na watu hawaachwi watembee juu ya mafuta. Mtalisafisha mpaka chini.”

Ni mara ya kwanza kuona uso wa pili wa Tabasamu. Ulikuwa wa kawaida kabisa, wa mtu aliyechoka.

Akajaribu tena. Akasema kuna mgeni mmoja wa kufutwa, ametaja mahali pasipokuwepo, umbali wake unaharibu wastani wa wengine wote. Mthamini akakubali kwamba katika hesabu hii mgeni huyo haingii vizuri. Lakini hakumfuta. Alisema amemwekea ukurasa wa peke yake, kwa sababu amekuja kutoka mbali kuliko kipimo chake kinavyoweza kupima, na kosa hilo ni la kipimo.

Binti akanishika mkono. Mimi nilikuwa bado natafuna.

Watu walipiga makofi mpaka viti vikaanguka. Kinyozi alinibeba hatua chache, akanishusha kwa ajili ya mgongo wake. Nje Mthamini alinipita, nikataka kumweleza yale ya skonzi. Akaniwahi. Akasema siku ya kwanza alihesabu njia za miguu zinazoingia bwawani, na hajawahi kuona mtu mmoja anayechora njia saba kwa viatu vyake. Akasema siku ile aliniuliza kama nina hakika akitumaini nitajiokoa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Ukiangalia vizuri, kila hatua ilikuwa yangu. Ningesema siku ile kwamba wageni ni wengi, kampuni ingebisha kila mmoja. Nikasema mmoja, ikaingia mtegoni yenyewe. Hii inaitwa mkakati. Nina hakika imo katika juzuu ya saba.

Nimemwambia Balozi. Amecheka mpaka akakaa chini, kwenye benchi langu. Nikakaa naye, kwa kuwa alikuwa hana nguvu ya kuinuka. Nikamuuliza alijuaje kwamba Mthamini ana jambo. Akasema hakujua. Alitaka tu kuninyamazisha, amelitamani jambo hilo kwa miaka mingi, na kwa bahati alikuwa na kifaa mfukoni.

Jumamosi, 29 Machi

Mashine zinanyonya wiki ya pili. Rangi ya zambarau imekwisha, ya kijani imebaki mstari mwembamba. Leo bata wawili wameshuka, wakaonja, wakabaki. Watu wamekuja kutazama bila kuitwa. Balozi amepata samaki wa kwanza, mdogo kama kijiti cha kiberiti, na amemrudisha majini kwa hotuba.

Jioni nilikaa na binti kwenye benchi. Jua liliinama juu ya ile kona, na maji yakafanana. Kidogo tu. Binti akasema mama alikuwa akisema hivyo. Nikasema ndiyo. Tukakaa pamoja mpaka giza likaingia.

Kisha wazo likanijia.

Ninao ukurasa wa peke yangu serikalini. Mgeni mmoja, safari moja. Lakini wale wa lori letu wametapakaa katika kila mji, wazee kwa wajukuu, na kila mmoja wao yuko safarini mpaka leo. Tukikusanyika sote, tukakodi basi, tukaenda mpaka kwenye kile kisima cha gesi tukapanga foleni mbele ya geti, Mthamini atahitaji daftari zima. Wanaotembelea mahali huthibitisha kwamba ni mahali. Hesabu ni ile ile.

Nimemwandikia barua leo leo. Ataniuliza wangapi walikuwa wakiishi pale kabla ya kisima. Nimeandaa jibu. Nitasema ni ukoo wangu tu, maana wale wa ng'ambo ya mto walikuwa na majivuno, na wakianza kuhojiwa hawamalizi.

Imebaki chakula cha safari. Binti ameuficha unga. Najua ulipo.